Kiti cha kwanza ndani ya nyumba: maneno ya fundi kabla ya kura

Maneno haya yalisemwa na fundi seremala wa chama chetu katika mkutano wa wanachama hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, ili wale ambao hawakufika nao wasome kabla ya siku ya kura.

Bazee, bamama, vijana, na ninyi majirani ambao hamukuvuka ziwa lakini leo mumekuja kutusikiliza: jambo kwenu wote. Kamati imenipa muda kidogo, nitauheshimu.

Munajua swali lililo mbele yetu. Sanduku la chama liko na pesa kidogo, na katika mkutano uliopita wengi walisema tununue viti vya plastiki, tuvikodishe kwenye matanga na kwenye ndoa. Mimi niliomba neno. Kamati ikanijibu: fundi, usije na maneno matupu, kuja utuonyeshe. Ndiyo maana munaona hapa mbele kigoda kimoja kizima, na pembeni yake kingine ambacho bado ni vipande. Nitaeleza kwanza kwa nini nimekileta, kisha namna kinavyotengenezwa, na mwisho nitasema ninaomba nini.

Kwa nini kiti

Mimi sipingi kiti cha plastiki. Ni chepesi, kinapangwa kimoja juu ya kingine, mvua haikiharibu. Kwenye matanga ya watu wengi hakuna kinachokishinda. Lakini mguu wake ukivunjika, utaushona na waya mara moja, mara mbili, kisha utakitupa. Na tena kiti cha kukodisha jioni kinarudi stoo. Mimi nazungumza juu ya kiti kinacholala ndani ya nyumba ya mtu.

Tangu meli zilipoanza kutuleta kutoka Kigoma, mwezi wa 10 mwaka 2005, watu walishuka hapa na nini? Mafurushi, sufuria, ndoo, mikeka, blanketi. Wengine walikuwa Nyarugusu tangu 1996, wengine walikuwa Lugufu mpaka ilipofungwa mwaka 2009. Viti tulikuwa navyo kule, tulivitengeneza wenyewe. Lakini kwenye mzigo wa meli nani atabeba kiti? Tuliviuza kwa bei ya bure ao tuliwaachia majirani. Hata leo jamaa anayerudi anaanza na mkeka.

Sasa musikilize vizuri. Mtu akirudi, wa kwanza kuja kumtazama ni jirani. Jirani mwingine anakuja kusema pole na safari. Mwingine anakuja na swali: mpaka wa parsele yenu unapita wapi? Tuko na kesi ngapi za namna hiyo kwa shefu wa kijiji? Wote munazijua. Mtu akizungumza juu ya mpaka akiwa amesimama mlangoni, maneno yake ni ya mtu aliyesimama, anayeweza kuondoka na hasira wakati wowote. Mpe fasi ya kukaa, mpe na maji ya kunywa, atashusha sauti. Sisemi kiti kinamaliza kesi. Kesi inamalizwa na wazee na mashahidi. Lakini lazima wazee na mashahidi nao wakae mahali.

Na kuna bamama wetu wazee. Mkeka ni mzuri kwa kijana. Mama mzee mwenye magoti mabaya akikaa chini, kuinuka kwake ni kazi ya watu wawili. Akiwa peke yake ndani ya nyumba, anaacha kukaa chini, na anashinda amelala. Nyumba tatu ninazozijua katika kartie yetu ziko hivyo leo, sitazitaja majina.

Jambo la mwisho kabla ya kazi. Kuna vijana wanaosema kigoda ni kitu cha umaskini. Nawaambia hapana. Walega wa Mwenga na Shabunda wako na kiti kidogo kinachoitwa kisumbi, na hicho ni kiti cha heshima cha Bwami. Si kila mtu aliruhusiwa kukikalia. Waluba walichonga viti vya wafalme vinavyobebwa kichwani na sanamu ya mwanamke, na leo Wazungu wanavitunza kwenye nyumba za makumbusho, Tervuren kule Ubelgiji na hata New York. Vile viti vyote vilichongwa kutoka kwa pande moja la mti, bila msumari, bila gundi, kwa tezo na kisu. Mikono ya babu zetu ilijua kiti kabla kontena la plastiki halijafika.

Mti upi, na wa nani

Bo, sasa tuanze kazi. Naanza na mti, kwa sababu ni hapo watu wanapoharibu.

Kwa kigoda unahitaji mti kidogo sana: kipande cha gogo chenye urefu wa sentimita 35 hivi, na matawi matatu yaliyonyooka. Usiangushe mvule kwa kazi hii. Mvule ni mti mzuri, mchwa hawaupendi, lakini unachukua miaka mingi sana kukua, na vumbi lake linawasha pua na macho. Kama unapata mabaki ya mvule kwa wapasua mbao, chukua, lakini funika pua ukipiga msasa.

Greveliya ni mti wa kujifunzia. Unachongeka vizuri, na ukiukata matawi unachipua tena. Mukaratusi ni mgumu na unafaa kwa miguu, lakini unapokauka unapenda kujipinda na kupasuka, kwa hiyo tengeneza miguu mitano upate mitatu mizuri. Nao ukikatwa, kisiki chake kinachipua. Mwembe unafaa kwa kikalio, ni mpana na si mgumu kuchonga, lakini dudu wanaupenda. Mpera ni mdogo lakini mgumu. Huo ni wa kabari, nitakuja kueleza kabari ni nini.

Sasa sikilizeni jambo ambalo si la useremala tu. Kwa desturi zetu mti uliopandwa ni shahidi. Aliyepanda miembe ao mikaratusi juu ya ardhi ameandika jina lake pale. Kwa hiyo ukirudi baada ya miaka 15 na ukaanza kukata mti, hata kama unajua hii ni parsele ya marehemu baba yako, yule aliyelima hapo katikati ataona umekata neno lake. Umeshafungua kesi kwa panga. Njia yetu iwe moja tu: uliza kwanza, uliza mbele ya mtu mwingine, chukua tawi kabla ya shina, na ukikata mti panda miwili. Mtu akikataa, mwachie mti wake. Matawi ya greveliya hayajapotea hapa Fizi.

Kikalio

Watu wengi wanakata kikalio kama gurudumu: wanachukua gogo, wanakata kwa msumeno kipande cha duara, wanasema tayari. Kinapendeza siku ya kwanza. Baada ya wiki chache kinapasuka kutoka pembeni mpaka katikati, kama kipande cha limau kimetolewa. Sababu ni hii: mti ukikauka unapungua kwa upana, kuzunguka duara lake, lakini kwa urefu haupungui karibu hata kidogo. Gurudumu lina duara lote, linavutwa pande zote, lazima lipasuke mahali.

Fanya hivi. Simamisha kipande chako cha gogo, weka shoka juu yake, piga mgongo wa shoka kwa nyundo ya mti mpaka gogo lipasuke katikati. Utaona moyo wa mti, kile kitu laini cha katikati. Moyo usibaki ndani ya kikalio, kwa sababu nyufa zinaanzia hapo. Pasua tena kando yake, upate ubao mnene wa sentimita 6. Ukishauchonga kwa tezo utabaki na 5, na hizo zinatosha. Pungufu ya 4 mguu hauna pa kushika.

Ondoa gome lote. Najua gome linapendeza, lakini chini ya gome ndipo dudu wanapozalia. Kisha paka nta ao rangi kwenye zile ncha mbili ambazo msumeno ulipita, kwa sababu maji yanatoka haraka pale na kuleta nyufa. Weka ubao kivulini, juu ya vijiti viwili ili hewa ipite chini. Usiuweke juani. Jua la ziwa linaukausha nje kabla ya ndani, na ndani inapokuja kupungua, nje imeshakuwa ngumu, inapasuka.

Miguu

Miguu ndiyo siri ya kiti. Chagua matawi mazito kama sentimita 5, yaliyonyooka, yasiyo na vifundo. Yakate marefu kuliko unavyohitaji, sentimita 50 hivi. Kama una gogo, afadhali upasue kwa shoka kuliko kupasua kwa msumeno. Shoka linafuata nyuzi za mti, kwa hiyo mguu unakuwa na nyuzi zinazotoka juu mpaka chini. Msumeno unakata nyuzi ovyo, na mguu kama huo unavunjika pale nyuzi zilipokatwa.

Kisha miguu lazima ikauke. Siyo kukauka kwa kusema, kukauka kweli. Iweke kwenye dari ya jikoni, juu ya moshi, wiki tatu ao zaidi. Utajuaje imekauka? Gonga miwili pamoja. Ikiwa mibichi inalia dubu, kama viazi. Ikiwa mikavu inalia kwa sauti kali. Ama nenda kwa mama anayeuza samaki, mwombe mzani wake, pima mguu leo, pima baada ya siku nne. Ukiona haupungui tena, tayari.

Kwa nini ninasisitiza hivi? Chukua kiti chochote kinachotikisika kule sokoni, chomoa mguu, mutaona tundu ni kubwa kuliko ulimi wa mguu. Siku ya kuuza vilibanana. Lakini mguu ulikuwa mbichi, ukakauka ndani ya tundu, ukapungua, ukalegea. Fundi anapiga msumari, msumari unashika mwezi mmoja, kisha nao unalegea na kupasua mti. Sisi tunafanya kinyume: mguu uwe mkavu kabisa, kikalio kiwe bado na ubichi kidogo. Kikalio kinapoendelea kukauka, tundu linabana mguu. Mti wenyewe unafanya kazi ya gundi, na hauombi franka hata moja.

Kupima na kutoboa

Chora duara la kikalio, kipenyo cha sentimita 30. Ndani yake chora duara lingine kwa kamba ya sentimita 10 kutoka katikati. Sasa usibadilishe kamba. Weka ncha yake popote juu ya duara la ndani na tembea nayo kuzunguka: itaingia mara 6 sawasawa. Weka alama, ruka moja, weka alama, ruka moja. Umepata matundu 3 yenye nafasi sawa bila hesabu ya shule. Watoto wa shule wanaopenda hesabu watakueleza kwa nini. Mimi najua tu kwamba haijawahi kukataa. Angalia tundu lisianguke juu ya ufa ao kifundo. Likianguka hapo, zungusha alama zote tatu kidogo.

Mguu hausimami wima kama nguzo. Unatoka nje kidogo. Kata kipande cha karatoni chenye pembe tatu: upande wa kusimama sentimita 40, upande wa chini sentimita 8 na nusu. Ule mstari wa mteremko ndio mlalo wa mguu. Geuza kikalio, chini kiwe juu. Chora mstari kutoka katikati mpaka kwenye tundu na uendelee mpaka ukingoni. Simamisha karatoni juu ya mstari huo, na keke yako, ile ya kuzungusha kwa mkono, ifuate mteremko ikielekea nje. Mwenzako akae pembeni akutazame, akuambie kama umeinama kushoto ao kulia. Kazi hii ni ya watu wawili.

Tundu liwe la sentimita 2 na nusu. Toboa mpaka ncha ya chuma ichungulie upande wa pili, hapo simama. Geuza kikalio, malizia kutoka upande wa juu. Ukipitisha moja kwa moja, mti utararuka pale anapokalia mtu.

Hauna keke? Wazee wetu hawakuwa nayo. Pasha moto chuma cha mviringo mpaka kiwe chekundu, choma tundu kidogo kidogo, kisha safisha makaa kwa kisu mpaka ufikie mti mzima. Inachukua nusu siku, na ufanye nje kwa sababu ya moshi, na watoto wakae mbali. Lakini inafaa.

Kuunganisha

Chonga kichwa cha mguu kiwe ulimi wa mviringo, chini mnene kidogo kuliko juu, ili kila unapopiga unazidi kubana. Jaribu, chomoa, tazama alama nyeusi pale panaposugua, punguza hapo tu. Usiwe na haraka. Ukipunguza sana huwezi kurudisha.

Kabla ya kupiga mara ya mwisho, pasua kichwa cha ulimi kwa msumeno, kina cha sentimita 3. Hapo ndipo kabari itakapoingia. Kabari ni kipande kidogo cha mpera mkavu, chembamba upande mmoja. Sasa munitazame hapa, tafadhali, hata walio nyuma. Nyuzi za kikalio zinaenda hivi. Kabari lazima ikae kuzikata nyuzi hizo, namna ya msalaba. Kabari ikilala sambamba na nyuzi, inafanya kazi ya shoka: itapasua kikalio katikati, na kazi yako ya mwezi mzima imekwisha kwa pigo moja. Piga mguu mpaka sauti ibadilike, inatoka kwenye kugonga inakuwa ya jiwe. Ingiza kabari, piga pole pole. Ulimi ukizidi juu, kata kwa msumeno na ulainishe.

Urefu

Urefu hauko kitabuni, uko kwenye mguu wa mwenye kiti. Pima kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti lake. Kwa watu wengi inakuja sentimita 40 mpaka 43. Kwa kiti cha jikoni, cha kukoroga ugali ao kufua nguo, sentimita 20 mpaka 25 zinatosha, lakini kwa hicho chini mguu utatoka nje kidogo tu, kwa hiyo ulaze mteremko zaidi. Kwa mama mzee mwenye magoti mabaya ongeza kidogo juu ya kipimo chake, ili akiinuka asianzie chini sana.

Kusawazisha ni hivi: weka kiti mahali palipo sawa, ingiza vipande vya mbao chini ya miguu mpaka kikalio kilale sawa. Weka kalamu juu ya kipande cha ubao, zunguka nayo kila mguu. Alama zote zitakuwa kwenye urefu mmoja. Kata hapo.

Miguu mitatu ao minne? Wengi mutaniuliza. Miguu mitatu haitikisiki hata kwenye udongo wenye mabonde, kwa sababu vitu vitatu siku zote vinagusa chini. Nyumba nyingi za kwetu ni za udongo, basi mitatu. Lakini iko na ubaya wake, na lazima niuseme: mtu akiegemea ukingo ulio katikati ya miguu miwili, kiti kinaweza kupinduka. Mtu anayejisukuma kwa mkono kwenye ukingo ili ainuke, yaani mama mzee, afadhali umpe miguu minne, na mumsawazishie sakafu fasi anapokaa. Usimpe mtu kiti kwa sababu kinapendeza. Mpe kinachomfaa.

Kumalizia

Lainisha kwa msasa. Kama hauna karatasi, uko na majani. Mti wa msasa uko msituni kwetu, na majani yake makavu yanasugua mti mpaka ung'ae. Karatasi ndiyo ilichukua jina kwa mti.

Kisha paka nta ya nyuki. Iyeyushe ndani ya kopo, na kopo likae ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto, itawaka. Usipake mawese. Mawese hayakauki, yananata, yanashika vumbi na kuharibu nguo ya mgeni. Na mafuta machafu ya injini, ambayo watu wanapaka ili kukimbiza mchwa, musipake kwenye kiti cha kukaa. Ni kitu kichafu kwa ngozi, na watoto wanaweka midomo kila mahali.

Ninachoomba

Sasa nakuja kwenye pesa. Ninaomba chama kinunue kwanza vyombo vya kazi, seti moja: shoka, msumeno, tezo, keke pamoja na chuma chake cha kutobolea, patasi mbili, kisu kizuri, tupa na jiwe la kunolea. Randa, yaani rabo, tunaweza kungoja. Kwa vyombo hivyo vijana wanne wanaweza kujifunza pamoja, na ninaomba wawili kati yao wawe wasichana, kwa sababu hakuna kitu hapa nilichoeleza kinachohitaji ndevu. Nitawafundisha bila malipo kwa miezi mitatu.

Kigoda cha kwanza kitakachotoka kiende kwa zile nyumba tatu. Baada ya hapo, kila jamaa anayerudi apewe kimoja katika mwezi wake wa kwanza. Hatukimpi kama msaada wa kupanga foleni. Mmoja wa jamaa ile aje afanye kazi siku mbili na vijana, ashike tezo, ajue kiti chake kilitoka wapi. Vinavyobaki viuzwe sokoni, na pesa irudi sandukuni. Siku sanduku likijaa tena, tununue viti vya plastiki, na mimi nitakuwa wa kwanza kuvibeba.

Najua maulizo yenu. Mmoja ananiambia: fundi, vyombo vitapotea. Ni kweli, chombo cha watu wote ni chombo cha hakuna mtu. Kwa hiyo kuwe na daftari. Anayechukua aandike jina na saa, anayerudisha atie sahihi, na mtunza vyombo asiwe mimi. Achaguliwe mama mmoja wa likelemba, munajua wale hawasahau deni. Chombo kikipotea, aliyeandikwa alipe.

Mwingine anasema: kiti cha plastiki kitaleta pesa wiki hii, kigoda kitaleta baada ya miezi miwili. Hiyo pia ni kweli, siwezi kuwadanganya. Mti haukauki kwa sababu kamati imekaa kikao. Tukiuza viti vibichi ili tupate haraka, vitalegea, na soko litasema viti vya wale waliorudi ni vya bure. Jina hilo tukilipata, hatutalifuta kwa msasa. Afadhali tuuze vichache vinavyokaa miaka.

Na wa tatu, huyu ni kijana, aliniuliza nje kabla ya mkutano: mimi nilisoma mpaka sekondari kule kambini, nirudi nyumbani kuchonga vigoda? Nilimjibu hivi, na namjibu tena mbele yenu: kusoma kwako hakuna anayekutoa. Ulichosoma kitakusaidia kupima pembe, kuandika daftari, kuongea na mnunuzi. Lakini kule kambini tulikaa miaka mingi tukingoja orodha isomwe. Hapa hakuna orodha. Mikono yako ndiyo itakayokutangulia kwa watu, kabla hawajakuuliza diploma.

Majirani wetu ambao hamukuondoka, nina neno moja kwenu. Ninyi muko na miti, sisi tuko na mafundi. Anayekubali kutoa matawi ya greveliya yake, kwa kila matawi ya viti vitatu tutamrudishia kiti kimoja. Wazee waandike hivyo mbele ya shefu, ili kesho mtu asiseme tulikata bila ruhusa.

Hayo ndiyo yangu. Siku ya kura nitainua mkono kwa ajili ya vyombo, na wenye kuchagua plastiki bado ni ndugu zangu. Lakini kabla hamujatoka, piteni hapa mbele mmoja mmoja. Kaeni juu ya hiki kigoda, tena kaeni kwa nguvu, hasa bababa wenye vitambi. Wengine mushike vile vipande, mugonge ile miguu, musikie tofauti ya mkavu na mbichi. Kisha mukipiga kura mutakuwa munajua munachokipigia.